Matoka Nyuma ya Sanamu

"Mama Lynn, ni wewe umeng'oa matoka ya mpaka wako?"

Hivyo ndivyo jirani yangu Warigia aliniuliza asubuhi niliporudi Othaya, baada ya wiki tatu za kumuuguza dada yangu kule Kiganjo. Niliweka mfuko chini, nikashuka hadi mwisho wa shamba la kahawa. Matoka yote kumi na mawili hayakuwepo. Udongo ulikuwa umesawazishwa vizuri kama wa kitalu, na waya mpya wa Munene, mdogo wa marehemu mume wangu, ulikuwa umeingia shambani kwangu hatua saba. Kaburi la mume wangu Ngatia sasa lilikuwa upande wa Munene.

Kwetu ua la itoka ndilo shahidi wa ardhi. Likishapandwa mpakani mbele ya wazee, hata mwendawazimu haling'oi. Na Ngatia alikuwa mtu wa tahadhari. Siku ile ya kupanda, sahani yetu ya harusi, ya buluu, ilivunjika, naye akaweka kipande chini ya kila tunguu. "Mizizi itavishika," alisema.

Mbele ya wazee Munene aliapa kwamba mpaka haukuwahi kusogea. "Shemeji amezeeka. Ati kulikuwa na maua." Wakacheka kidogo. Mzee Theuri, mwenyekiti wao, aliyekuwepo siku ya kupanda, hakucheka, lakini alisema neno la mtu halitoshi; bila ushahidi wa kushikwa mkononi hana la kufanya.

Nikaenda nyumbani nikapiga magoti. Najua kisasi ni cha Bwana. Nilimwomba tu aniruhusu nimshikie taa akikilipa.

Mwezi wa saba, binti yangu Lynn akanionyesha picha kwenye simu. Baba yake mdogo alikuwa anafungua baa mjini Nyeri, ya mtindo wa visiwa vya Polinesia, jina lake Aloha Kwa Munene. Kulikuwa na sanamu za mbao zenye meno, taa ndani ya vifuu vya nazi, mianzi kila mahali.

"Mama, watu watakunywa ndani ya nanasi. Na hii baridi yetu!"

Mimi nilikuwa naangalia nyuma ya sanamu kubwa, ndani ya mapipa. Majani marefu, maua meupe yenye mistari ya waridi.

"Ikuze hiyo picha," nikasema.

Mwizi mwingine angeyachoma matoka yangu. Munene tangu utotoni hatupi kitu.

Ningeweza kumpelekea Mzee Theuri ile picha siku hiyohiyo. Sikumpelekea. Nilingoja siku ya kufungua, wageni wake wote wakiwa wamekaa.

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, nilifunga kitambaa changu cheupe cha kanisa, nikamwomba Mzee Theuri anisindikize.

"Baa, Mama Lynn? Wewe?"

"Hata Yona aliingia Ninawi, mzee."

Msichana mwenye sketi ya katani juu ya suruali na sweta alituvika mashada ya maua ya plastiki. Niliagiza juisi ya nanasi, bila pombe. Nusu ya wageni walikuwa wa kwetu Othaya. Munene akaja na shati lake la maua, mkewe Phyllis nyuma yake.

"Shemeji. Kanisa limekupa ruhusa?"

"Nimekuja kuona maua."

Nilienda hadi kwenye pipa nyuma ya sanamu, nikapiga magoti.

"Haiya, mama anaabudu," mtu akasema, wakacheka.

Nikaingiza mikono kwenye udongo, nikavuta. Tunguu likatoka, na kwenye mizizi yake kipande cha buluu kimekamatwa kama jino. Nilikipangusa kwa kitambaa cha kichwani, nikakiweka mbele ya Mzee Theuri.

"Hiyo ni takataka tu ya udongo," Munene akasema.

"Ng'oa lingine," mzee akasema.

Niling'oa la pili na la tatu. Sikuwa na haraka. Nilitaka kila mtu amalize kutafuna. Mzee akaunganisha vipande, kingo zikakubaliana.

"Nilikula nyama kwenye sahani hii siku ya kupanda mpaka, kabla haijavunjika," akasema. "Munene, Jumatatu asubuhi utayarudisha kwa mikono yako mwenyewe, kila moja kwenye shimo lake. Mbuzi wa faini ya wazee utamleta wewe. Na ule waya, uutoe leo."

Watu wakaanza kuweka mananasi yao chini, mmoja mmoja. Nani atakunywa mahali mpaka wa marehemu umetiwa ndani ya pipa?

"Phyllis, waambie," Munene akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Si unajua ule mpaka?"

"Mimi uliniambia umeyanunua Mukurweini."

Nikanywa juisi yangu yote. Ilikuwa tamu, na nitaungama hilo siku nyingine. Phyllis alivua shada lake, akalivika sanamu shingoni, akachukua mkoba, akapita katikati ya viti na kutoka.