Mstari Mweupe wa Pinfold

Kila mwaka tukikaribia malango ya Pinfold, yale ya kushushia mashua mferejini, mume wangu Desmond hunyoa ndevu. Hapana la kunyolea pale: bomba la maji, bafu mbili, mashine ya kufulia, na shimo la kumwagia vyoo vya mashua. Ila ndipo Lorna anapoegesha mashua yake. Mjane, miaka hamsini na minane, mwenye kicheko ambacho Desmond hukisikia hata injini ikinguruma.

Mwaka huo tulimkuta bombani, mpira wa maji mkononi.

"Des! Wewe huzeeki tu?"

"Nizeekee wapi, na watu wananitazama hivi?"

Des. Mimi niliyeishi naye kwenye ndoa miaka thelathini na moja simwiti hivyo. Alinikataza tukiwa wachumba.

Nikashuka na spana yangu ya kufungulia maji ya malango. Ndivyo tulivyogawana kazi: yeye usukani, mimi maji. Aliingiza mashua katikati ya malango mawili, nikafunga la nyuma, nikaenda la mbele kufungua tundu la kutolea maji. Maji yakaanza kutoka, mashua ikaanza kushuka.

Pale ukutani kuna mstari mweupe. Mkia wa mashua usirudi nyuma yake, maana chini ya lango la nyuma kuna kizingiti cha jiwe. Mashua ikikikalia huku maji yanapungua, pua inazama. Desmond anayajua hayo kuliko mimi, lakini alikuwa amegeuza shingo, anamweleza Lorna habari za pampu yake iliyoharibika.

"Nitakuja jioni nikuangalizie."

"Uje na njaa basi. Nimeoka keki ya tangawizi."

Keki ya tangawizi! Yangu huiacha nusu, eti inamchoma kifua.

Niliuona mkia ukirudi. Niliuona ukipita mstari. Sauti ninayo, na mdomo ni wangu, lakini nilinyamaza. Pumzi moja, mbili, labda tatu. Nilitaka aaibike mbele yake.

Chuma kikakwaruza jiwe. Pua ikainama, sahani zikaanza kupasuka ndani, Desmond akaangukia magoti.

"Avril! Funga maji! Funga!"

Ndipo mikono ikanirudia. Nikaliachia tundu likajifunga kwa kishindo. Lorna alikuwa ameshatupa mpira, amechomoa spana yake kiunoni, anafungua maji ya lango la nyuma kidogo kidogo. Mashua ikainuka polepole, ikateleza ikaelea.

Desmond alikaa kwenye nyasi. "Kosa langu, mke wangu. Umeniokoa."

Lorna alinifuata kwenye chumba cha kufulia. "Ulikuwa unautazama ule mstari, Avril. Nilikuona."

"Nilikuwa nautazama."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya keki."

Hakucheka. "Mwambie mwenyewe. La sivyo nitamwambia mimi."

Nilimwambia jioni ile, tukiokota vigae vya sahani, kuwa niliuona mkia ukipita mstari nikavuta pumzi bila kumwita. Aliweka chini kigae alichoshika. Kisha akauliza, "Pumzi ngapi?" Nikamjibu. Hakwenda kutazama pampu, na siku mbili hakusema nami ila mambo ya chai.

Sasa mimi ndiye ninayeshika usukani. Hataki nishike spana yeye akiwa ndani ya mashua, na sina la kumlaumu.

Mwaka jana tulipita Pinfold bila kuegesha hata kuchota maji. Lorna alikuwa anaanika shuka. Akatupungia mkono, Desmond akampungia. Nikaacha kutazama mbele, nikautazama mkono wa mume wangu ulivyobaki juu. Nikaona umekaa juu muda mrefu mno.