Kufuli la Herufi Nne

Mwaka wa tisini na nane, binti mmoja aitwaye Mejumaa alikuwa akifanya kazi ya kompyuta katika ofisi ya wakala mmoja wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Alikuwa akiishi Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, kwa shangazi yake, Bi Mwanaesha, ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe ambayo ngazi zake zilikuwa nyembamba hata mtu mnene hupanda ubavu.

Bi Mwanaesha zamani alikuwa hakai ndani. Harusi alikwenda, matanga alikwenda, na siku isiyo na harusi wala matanga alijifunga buibui akenda Ndia Kuu, njia ya maduka, kutazama tu nani kafungua duka na nani kafunga. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Tangu hapo ngazi alishushwa kwa ajili ya hospitali tu, amebebwa kwenye kiti na vijana wa jirani, macho kayafumba kwa haya.

Siku moja baada ya Alasiri, Mejumaa aliporudi kazini, shangazi alimwuliza, "Mwanangu, Ndia Kuu siku hizi kukoje?"

Mejumaa akamweleza. Duka la vinyago limepakwa rangi, nyumba ile ya roshani ya kijani imeanza kulala upande, mfereji umezibuliwa. Bi Mwanaesha alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa habari za Ulaya. Mejumaa akajua kwamba maneno hayamfikishi.

Hapo ndipo alipokumbuka mashine ya Abdulghafur.

Abdulghafur alikuwa na duka la michezo ya televisheni papo hapo Ndia Kuu. Mashine zake zilikuwa za kijivu, za Kijapani, na diski zake zote zilikuwa za asili, alizoagiza Dubai. Alikuwa mtu mnyoofu, mwenye kofia safi na sauti ya chini. Mara nyingi Mejumaa alisimama mlangoni pake akitazama magari yakikata kona katika miji ambayo hakuwahi kufika, majengo yakimkaribia na kumpita. Alijua kwamba majengo yale ni hesabu tu, pembetatu zilizounganishwa na kupakwa rangi. Sasa akajiuliza: ikiwa mji wa Kijapani umeingia mle, Ndia Kuu itashindwa na nini?

Akaenda kununua mashine iliyokwisha tumika.

"Nitakuuzia," Abdulghafur alimwambia, "lakini kwa sharti. Usiifungue. Wapo mafundi hapa mjini wanazifungua na kutia vidude ndani ili zicheze diski za wizi. Mimi siuzi mashine ya kwenda kuibia watu."

"Siifungui, ami," Mejumaa akasema, na alisema kweli.

Miezi mingi alichora. Jumapili asubuhi alipita Ndia Kuu na utepe wa kupimia, akipima upana wa njia na urefu wa milango, na wenye maduka wakadhani katumwa na baraza la mji. Aliporudi aliviingiza vipimo katika kompyuta ya ofisi iliyostaafishwa, ambayo bosi wake alimwachia. Programu za kuandikia michezo ya mashine ile alizipata kwenye mtandao, zimetungwa na watu wa mbali walioandika kwa kuipenda kazi na kuzitoa bure. Kwa kuwa mkono wa kushoto wa shangazi ulikuwa hauna nguvu, alipanga vitufe vyote vya kutembelea viwe upande wa kulia.

Kazi ilipokamilika, aliiandika katika diski tupu kwa mtambo wa ofisini, akaja nayo nyumbani, akaitia katika mashine mbele ya shangazi.

Mashine iliizungusha diski, ikanguruma kidogo, kisha ikaandika maneno ya Kiingereza kumtaka atie diski halali.

"Yasemaje?" akauliza Bi Mwanaesha.

"Yasema hainijui," Mejumaa akajibu.

Kesho yake aliibeba mashine hadi Kibokoni, kwa fundi Mumo. Mumo alikuwa Mkamba aliyekuja Mombasa kutengeneza redio za meli, akabakia na karakana yake mwenyewe. Alimsikiliza, akacheka kwa upole.

"Ulifikiri imekataa mchezo wako kwa sababu ni mbaya? Haijausoma hata. Imetaka neno la siri kwanza, na diski yako haina."

"Basi niambie neno hilo niliandike."

"Haliandikiki. Hapo ndipo penye maajabu. Lakini ili nikuonyeshe lazima niifungue."

Mejumaa akalifunika sanduku la mashine kwa mkono. Akamweleza lile sharti. Mumo akachukizwa. "Umelipa. Mali yako. Mtu akikuuzia nyumba, anakukataza kutoboa ukuta?"

"Nilimwahidi."

Akenda kwa Abdulghafur, akamweleza kila kitu bila kuficha: utepe, shangazi, pembetatu, diski iliyokataliwa. Abdulghafur akaanza kuzipanga diski ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Aliyeitengeneza mashine kaweka kufuli kwa sababu," hatimaye akasema. "Hao wanaotunga michezo wana watoto. Kazi yao ikichukuliwa bure, watakula nini? Wewe nakuamini. Lakini mlango ukifunguliwa kwa ajili yako, umefunguliwa kwa kila mtu."

"Kweli, ami. Lakini mimi sichukui cha mtu. Ile diski ni kazi yangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Na hilo kufuli halina njia ya kunitambua mimi na mwizi. Sote latufungia nje."

Abdulghafur akaziacha diski. Akasema atafuatana naye kwa fundi, aone kwanza.

Basi mchana wa Jumamosi watatu hao walikutana karakanani. Mumo alikuwa ameleta osiloskopu yake, chombo chenye kioo kidogo cha kijani kinachoonyesha mawimbi ya umeme. Abdulghafur akamwitikia Mejumaa kwa kichwa, Mejumaa akatoa ruhusa, na Mumo akaufungua mfuniko, akaunganisha nyaya. Kisha akatia moja ya diski za asili za Abdulghafur.

"Diski ina mstari mmoja," Mumo akaeleza, "mwembamba kuliko unywele, unaoanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka hadi ukingoni. Mashine huufuata kwa mwali wa taa. Sasa, pale mwanzo kabisa, mstari hauendi sawa. Unayumba. Kiwandani wameuyumbisha makusudi, kidogo mno, na kuyumba kwenyewe ndiko kunakotamka herufi nne za lile neno la siri. Mtambo wa ofisini kwenu huweza kunakili kila kilichoandikwa juu ya mstari. Kuyumba hauwezi, kwa sababu diski tupu huja na mfereji wake uliokwisha chorwa, na mtambo hufuata huo huo. Tazameni."

Diski ikazunguka. Katika kioo cha kijani mstari uliolala ukaanza kuinuka na kushuka, ukatulia, ukainuka tena, kwa mpangilio, kama kifua cha mtu anayenong'ona. Kisha televisheni ikawaka rangi na mchezo ukafunguka, na wale watatu hawakuutazama. Mejumaa alikuwa bado akiutazama ule mstari wa kijani. Mahali fulani mtu alikaa akafikiri, akalificha neno lake si katika maandishi bali katika mwendo wa kalamu, na neno likavuka bahari kuja kutamkwa Kibokoni.

"Subhanallah," Abdulghafur akasema taratibu. "Na hizi diski nimeuza miaka yote."

Wakatia diski ya Mejumaa. Mstari ukalala kimya, ukabaki umelala. Maneno ya Kiingereza yakatokea.

Abdulghafur aliutazama ule mstari uliolala, kisha akamtazama Mejumaa. "Aliyelitia kufuli hili ni bingwa," akasema. "Lakini hakukufikiria wewe. Sidhani kama alikataa. Hakukufikiria tu. Fundi, fanya."

Mumo akatoa kidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kama mbegu ya ubuyu. Kazi yake ilikuwa moja: kuzitamka zile herufi nne kwa niaba ya diski isiyoweza kuzitamka. Akakichomelea mahali pake kwa risasi iliyoyeyushwa, moshi mwembamba ukimpanda usoni. Akairudisha diski ya Mejumaa, akawasha.

Na Ndia Kuu ikatokea.

Ilikuwa na makosa. Kuta zilitetemeka kwenye maungio, na anga lilikuwa rangi moja kama karai. Lakini njia ilipinda pale inapopinda. Roshani zilining'inia juu, na mlango wa duka la Abdulghafur ulikuwa wazi, na juu yake kibao chake cha samawati. Abdulghafur akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Hili ni duka langu," akasema, kama mtu anayemwambia mgeni.

Jioni ile ile, kabla ya Magharibi, Mejumaa alimwekea shangazi mashine. Alimshikisha kidhibiti katika mkono wa kulia, akamwonyesha kitufe cha kwenda mbele. Bi Mwanaesha alikibonyeza kwa woga, na kuta za Ndia Kuu zikaanza kumjia. Akaachia. Kuta zikasimama.

"Ni mimi niendae?"

"Ni wewe, shangazi."

Akabonyeza tena. Alikwenda polepole, akisimama kila mlango, akitaja majina ya wenye nyumba, waliohama na waliofariki. Penye kona alijaribu kuinamisha kichwa ili achungulie, akajicheka. Akafika mahali njia inapofunguka kuelekea Forodhani, akageuka, akairudia njia yote aliyokuja. Mejumaa, aliyekuwa ameziandika namba za kila ukuta kwa mkono wake, alimtazama akatambua kwamba yeye hasa hakujua alichokitengeneza. Alikuwa amejua pembetatu. Hakujua kwamba mtu aweza kuingia mle akatembea.

Baadaye Bi Mwanaesha akauliza, "Mbona hakuna watu? Wako wapi watu?"

"Watu sijajua kuwachora."

"Jifunze," shangazi akasema, akaendelea kutembea.

Habari zikaenea. Abdulghafur aliomba nakala moja ya kuweka dukani, na kwa ajili ya hiyo akakubali mwenyewe mashine moja ifunguliwe, moja tu. Watu wakaja kuona mtaa wao. Wazee wasiowahi kukanyaga duka la michezo waliketi kwenye viti vidogo na kubishana mlango upi ni wa nani.

Kisha, kaskazi ikivuma, Abdulghafur akapanda zile ngazi za Kuze mwenyewe, akihema, akampa Mejumaa kijaluba cha plastiki. Ndani mlikuwa na diski, na karatasi ya rangi iliyoandikwa "Mombasa" na picha ya ngome. Jina la Mejumaa halikuwamo.

"Inauzwa Mwembe Tayari," akasema. "Sijui ilivyotoka dukani kwangu. Nisamehe."

Mejumaa aliigeuza ile diski mkononi. Kilichompata hakukitarajia: ilikuwa kama mtu kaingia chumbani kwake akavaa nguo zake. Akakumbuka alichosema yeye kuhusu kufuli, na alivyosema Abdulghafur kuhusu watoto wa watungaji, na kwa mara ya kwanza maneno yale yakamkaa mwilini.

Alikwenda Mwembe Tayari siku iliyofuata, akiwa na hasira iliyonyooka. Kibanda kilikuwa cha kijana mmoja aitwaye Chonga, mchangamfu, mwenye televisheni iliyowekwa juu ya kreti. Watu walikuwa wamejazana. Kidhibiti kilikuwa kwa mwanamume wa makamo mwenye ovaroli ya bandari, na kwa lafudhi yake ilionekana katoka bara.

"Nimefanya kazi hapa miaka yote hii," alikuwa akisema bila kugeuka, "na huku Mji wa Kale sijawahi kuingia. Niliogopa nitapotea." Alikuwa akitembea taratibu chini ya roshani, mdomo wazi. Waliokuwa nyuma yake hawakumharakisha. Walisimama kama watu walioingia mahali wakakuta panasaliwa.

"Ukifika hapa mwisho unatokea wapi?" akauliza.

"Forodhani," Mejumaa akajibu. "Kisha bahari. Sikuichora, lakini ipo."

Wakageuka kumtazama. Chonga akamtazama kwa muda zaidi, tabasamu likimpotea.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Dada, mimi sikujua. Niliinunua hivi hivi. Kuna wengi wanaiuza, si mimi peke yangu. Hata Malindi ipo."

Malindi. Mejumaa alijaribu kuwaza chumba fulani Malindi, na mtu asiyemjua akipita milango ile ile aliyoitaja shangazi yake. Hasira haikuondoka, lakini iliingiliwa na kitu kingine kikubwa zaidi, ambacho hakikumpa nafasi ya kukasirika sawasawa. Akaketi juu ya kreti tupu.

"Una kalamu?" akamwuliza Chonga.

Chonga akampa kalamu ya wino mzito. Mejumaa akavivuta vijaluba vyote vilivyokuwa mezani, akaanza kuandika jina lake kamili juu ya kila karatasi, kwa herufi kubwa, bila haraka.

"Hizi nizitupe?" Chonga akauliza.

"Sijui bado," Mejumaa akasema. "Abdulghafur atasema zitupwe, na Mumo atasema zigawiwe bure. Mimi leo naandika jina."

Yule mtu wa bandari akaweka kidhibiti chini, akaomba kijaluba kimoja akisome. Akalisoma jina kwa sauti, taratibu, akihakikisha kila silabi imetoka vizuri.