Udenda Ng'ambo ya Ua

Tangu asubuhi Wawira hakuwa ameketi. Aliwalisha maksai wake, akawawekea chumvi, akatoka, akarudi tena zizini bila sababu. Walikuwa wamenona, migongo imejaa, na wiki hiyo ndiyo walikuwa waende mnadani Siakago. Kilichomkosesha raha hakikuwa zizini mwake. Kilikuwa ng'ambo ya ua wa mkonge, kwa kaka yake Gedion.

Jana yake jioni alimwona ng'ombe mwekundu wa Gedion akitokwa na udenda mzito kama ute wa yai, akiinua mguu huu, akiushusha, akiinua ule.

"Amekanyaga mwiba," Gedion alimwambia.

"Mwiba gani huo wa miguu yote? Na mdomoni je?"

Gedion aliangalia barabarani kwanza, kisha akausogelea ua. "Wawira, wacha nipeleke hawa wengine sokoni. Hawana shida. Ukimwita daktari, mnada utafungwa, na wewe utakwama na wako. Utajikata kidole mwenyewe."

Alisema kweli, na ukweli huo ndio uliomzungusha Wawira uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliosha sufuria iliyokuwa safi. Alishika simu, akaiweka. Akawaza ng'ombe wa watu watakaobanana na hao wa Gedion mnadani, kisha warudi kwao, wengine hadi Karurumo, kwa akina mama wenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa ya watoto. Akaishika simu tena, safari hii akapiga.

Oscar, daktari wa mifugo, alifika kabla ya chakula cha mchana. Alifungua mdomo wa yule mwekundu. Ngozi ya ulimi ilikuwa imetoka vipande vipande.

"Ni ugonjwa wa miguu na midomo," alisema. "Hakuna mnyama atakayetoka hapa. Wala mnada hautakuwepo."

Gedion hakupiga kelele. Alimtazama dada yake tu. "Umefurahi sasa?" Akageuka, akaenda zake.

Siku zilizofuata Wawira alikuwa mtu wa kuhesabu majani ghalani na kufungua midomo ya ng'ombe. Alimwaga dawa langoni, akafukuza mbwa, akakataza wageni. Hata hivyo ugonjwa uliruka ua. Maksai wake mkubwa kuliko wote aliacha kula, udenda ukaanza kumchuruzika.

Alikuwa peke yake, akijaribu kumwosha mdomo kwa maji ya magadi, naye mnyama akimburuta huku na huku, Gedion alipopenya pengo la ua. Alishika pembe, akakaza miguu.

"Mwaga sasa. Taratibu. Ulimi unamuuma."

Walipomaliza alinawa mikono akaondoka. Kesho yake alirudi, na keshokutwa yake, maneno yakiwa yaleyale machache: shika, mwaga, basi.

Ng'ombe hawakufa, wake wala wa Gedion. Lakini mnada ulipofunguliwa, yule mkubwa alikuwa amekonda mbavu zikaonekana, na mnunuzi aliyekuja na lori alimpita bila kumtazama mara mbili. Wengine walipakiwa.

Lori lilipoondoka Wawira alibaki amesimama langoni.

"Huyu aliyebaki utamlisha nini?" Gedion aliuliza nyuma yake.

"Sijui bado."

"Kwangu kuna mabua ya mtama. Njoo tukayakate."

Wawira alikuwa ameshaanza kutembea kabla Gedion hajamaliza kusema.