Kura ya Turufu Kutoka Chooni

Kura zilipolingana, mwenyekiti alisema tumbo linamsokota, akaenda chooni. Nikajua papo hapo kwamba tumbo lake lilikuwa zima kabisa.

Ngoja kwanza nieleze baraza letu lilivyo, maana watu wa nje hudhani ni mahali pa kunywa chai na kugombana. Chai ipo kweli, na ugomvi haukosekani. Lakini kila chama cha wafanyakazi katika kanda yetu huleta wajumbe wawili, kiwe kikubwa kama cha madereva au kidogo kama cha vinyozi, na wajumbe hao ndio wenye kauli. Azimio likipita, linavifunga vyama vyote. Lisipopita, kila mtu na lwake. Mwenyekiti hapigi kura, ila zikilingana tu. Makamu hatuna, kwa sababu wapagazi na madereva waliigombea nafasi hiyo mpaka ikabaki kiti kitupu, tukawa tunatundikia makoti. Katibu ni mimi. Katibu haongei mpaka aulizwe, hana kura, na kwa mujibu wa katiba hana upande.

Upande nilikuwa nao, na ulikuwa umekaa benchi la nyuma, la waangalizi, ukiwa na bandeji mkono wa kulia. Huyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, dobi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali na hoteli. Pasi za mvuke za pale zilikuwa mbovu, zikiwaunguza wanawake kila mara. Wakaomba glavu na fundi. Mwajiri akafunga geti. Asubuhi ya kuamkia mkutano wetu angelifungua kwa atakayesaini mkataba mpya, usiotaja glavu wala fundi. Asiyesaini asirudi tena.

Hoja iliyokuwa mezani ni kwamba vyama vyote viende getini na madobi, mzigo usiingie wala usitoke, mpaka mwajiri akubali kuzungumza. Isipopita, wifi alikuwa ameshaniambia atakachofanya. Aliniambia asubuhi ile uani kwangu, akifua sare za wanawe kwa mkono mmoja.

"Nitasaini, wifi. Hawa watoto siwezi kuwapikia hasira."

Ndiyo maana nilihesabu mikono ile mmoja mmoja. Nikarudia kuhesabu. Imelingana. Vichwa vyote vikamgeukia mwenyekiti, mwashi mwenye sauti ya kusikika ghorofa ya tano akiwa chini. Siku hiyo alinong'ona tu. Akasema hilo la tumbo, akaingia mitini.

Tukasubiri. Chai ikapoa. Hatimaye akasimama mjumbe wa madereva, ambaye tunamwita Bwana Kifungu kwa sababu hapigi chafya bila kutaja kifungu cha katiba. Huyu alikuwa ameipinga hoja, eti magari yatachakaa kwa kusimama.

"Utaratibu, ndugu katibu! Mwenyekiti akiwa nje ya mkutano bila kupiga kura, hoja imekufa. Kifungu kipo."

"Basi mkutano umfuate aliko," nikasema. Sikuwa nimeulizwa, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nilitegemea anikemee. Kumbe jambo lenyewe lilimvutia. Akafunua katiba, akalamba kidole, akafunua tena, na kwa huzuni kubwa akatangaza kwamba hakuna kinachokataza. Wajumbe wakabeba viti mpaka koridoni. Kinyozi mmoja akabeba na birika.

"Ndugu mwenyekiti, unatusikia?" Bwana Kifungu akauuliza mlango.

"Nawasikia," mlango ukajibu.

"Basi yupo mkutanoni."

Nikamwomba kura yake. Kisha kitasa kikatikisika, kikatikisika tena kwa nguvu.

"Jamani," sauti ikasema, "mlango umegoma. Safari hii kweli."

"Wewe ndiye uliyegoma!" wifi akafoka.

"Mwangalizi hana ruhusa ya kuongea," akasema Bwana Kifungu.

Sasa, katika korido ile palikuwa na mafundi wa kutosha kuvunja benki. Seremala aliinuka akikunja mikono ya shati. Mlango ni mbao, akasema, kazi yake hiyo. Mchomeleaji akamvuta nyuma: kilichokwama ni kitasa, na kitasa ni chuma. Fundi bomba akawaangalia wote wawili kwa dharau.

"Choo ni changu, kuanzia kizingiti kwenda ndani."

Lazima mjue kwamba vyama vyao viligombana miaka na miaka kuhusu nani aguse nini, na mkataba wa amani uliwekwa sahihi mbele ya baraza hilihili. Tuliuadhimisha kwa soda. Sasa hakuna aliyethubutu kuutia doa.

"Nikigusa hicho kitasa," seremala akasema, "wenzangu watanivua uanachama."

Nilitaka kulia. Hawa ndio watu wifi yangu aliokuwa amewategemea.

Wifi akainuka, akawapita wote, akasimama mbele ya mlango. Bwana Kifungu akafungua kinywa. Wifi akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue yule baba alikosa kifungu.

"Mzee," wifi akasema taratibu, "unaogopa nini?"

Tulimsikia mwenyekiti akivuta pumzi.

"Huyo bosi wenu ndiye ninayemjengea ghorofa lake. Nikinyoosha mkono tu, sina kazi."

"Una watoto?"

"Ninao."

"Basi tunaelewana. Sikulazimishi. Lakini usinisubirishe mlangoni pa choo, mzee wangu. Sema ndiyo au sema hapana, nikapike."

Nikafungua daftari la kumbukumbu, kalamu tayari. Halafu, kwenye uwazi wa juu ya mlango, ukatokeza mkono mpana, wenye nyufa za saruji.

"Ndiyo," sauti ikasema. "Katibu, andika haraka kabla sijajuta."

Wakapiga makofi hata waliokuwa wamepinga. Wifi hakupiga. Akamgeukia Bwana Kifungu.

"Azimio linasema vyama vyote kwa pamoja, siyo?"

"Ndivyo."

"Linaanza lini?"

Akaangalia kwenye katiba, maskini, hawezi kujizuia. "Mara tu linapopita."

"Basi haya, wote, mlangoni."

Seremala, mchomeleaji na fundi bomba wakatazamana, wakaweka mabega. Mlango ukang'oka na fremu yake, nao wote watatu wakamwangukia mwenyekiti. Hata mmoja hakuuliza mlango ulikuwa wa nani.

Asubuhi madereva walikuwa wamekwishaziba barabara ya kiwanda kwa malori. Ndani ya geti iliwekwa meza ya mikataba, na karani wake alikuwa akipiga miayo. Hakuna aliyeisogelea. Madobi walikuwa wamekaa nje kwenye ubao mrefu, wifi akiwa katikati.

Mwenyekiti alifika wa mwisho, anatembea polepole. Hakuwa na mwiko wala pimamaji.

"Unga umemwagika?" nikamuuliza.

"Jana ileile. Kuna aliyempigia bosi simu hata sijajipangusa vumbi la mlango."

Akabaki amesimama, mikono mitupu, mwanamume mkubwa vile asijue aiweke wapi. Nilimwonea huruma, na nilimwonea haya pia, kwa sababu kura ile niliitaka mimi kuliko mtu yeyote. Wifi akamtazama tangu kichwani mpaka viatuni. Kisha akawasukuma wenzake kwa kiwiko cha mkono mzima.

"Sogeeni huko," akasema. "Huyu naye kafungiwa nje."

Wakasogea, akakaa. Mimi nikatoa simu, nikaanza kuwaita wajumbe kwenye kikao cha dharura, ajenda moja tu: kazi ya mwenyekiti.