Kujifunza Kugombana

Ketrina alimimina uji wa ulezi kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akaupuliza, akampa Sadoki. Tangu asubuhi walikuwa kwenye benchi la nje la ofisi ya kata ya Chapwa, Tunduma, wakisubiri kuitwa na baraza, na Sadoki akikaa na njaa vidonda vyake vya tumbo humsumbua.

"Huko Nakonde hawakupi uji?"

"Wananipa. Wanatia karanga."

"Karanga si mbaya."

"Kwenye kila kitu, mama Enoka?"

Walikuwa wamekuja kuachana. Sadoki, aliyevusha mizigo ya watu mpakani kwa baiskeli, alikuwa na mwanamke mwingine huko Nakonde, upande wa Zambia, na mtoto tayari. Ketrina alilia mwaka mzima, kisha akachoka kulia, akarudi kwenye biashara yake ya vitumbua. Mwishowe walikaa chini wakakubaliana: waombe talaka, na nyumba ya vyumba viwili ibaki kwake na watoto. Kaka zake Sadoki, kule kijijini kwao Ruanda, hawakutaka kusikia nyumba inakwenda kwa mwanamke. Ndiyo maana Ketrina alikuwa na haraka. Alimjua mumewe: moyo wake ulikuwa mwema, lakini wa kuwahiwa kabla wengine hawajaugeuza.

Mahakama ya mwanzo ilikataa kuwapokea bila hati ya baraza kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana. Waliitwa jua likiwa limeshapanda, baada ya mjumbe mmoja kufuatwa mashineni alikokuwa anasaga mahindi. Aliingia na unga kwenye nyusi, akakaa, akasinzia. Mjumbe mwingine, mama Priska, alikuwa anafuma sweta ya mtoto.

Mwenyekiti, mzee Lusubilo, aliuliza kama kuna kupigana. Hakuna. Matusi? Hakuna. Sadoki analeta matumizi? Analeta, alisema Ketrina, na juzi aliziba bati lililokuwa linavuja. Mzee akaweka kalamu chini. Alikuwa amewaona kupitia dirisha, wakipeana uji.

"Mimi siwezi kuandika ndoa imeshindikana wakati uji bado wa moto," alisema.

Sadoki alieleza habari ya Nakonde. Mzee akamjibu kwamba nusu ya wanaume wa Tunduma wana habari ya Nakonde. Aliwapa muda hadi baada ya chakula cha mchana. Wakirudi hivyo hivyo, ataandika wamepatana, na shauri lao litakuwa limekwisha.

Walikwenda nyuma ya ofisi, karibu na choo, kujifunza kugombana.

"Anza wewe," alisema Ketrina.

Sadoki alifikiri. "Wewe unachelewa kuamka."

"Mimi? Na vitumbua vya alfajiri navipikia ndotoni?"

"Basi sema wewe."

"Unarudia soksi mpaka zinasimama zenyewe."

Sadoki alicheka, Ketrina naye akacheka, hadi mwanamke aliyekuwa chooni akakohoa. Wakaanza upya kwa sauti ya chini. Ketrina alipendekeza waseme Sadoki anampiga. Sadoki aliomba sana asiseme hivyo, watoto wangesikia, na Ketrina akaona ni kweli. Wakapatana kwamba Sadoki atalalamikia chumvi, na Ketrina atasema ni mwongo. Ketrina akamfunga vizuri kifungo cha kola, halafu akakifungua tena, asije akaonekana anatunzwa.

Ndani, Sadoki alisimama akatangaza kwamba mwanamke huyu anatia chumvi nyingi.

"Hata mume wangu hunilalamikia hivyo hivyo," alisema mama Priska bila kuacha kufuma.

Ketrina akasema Sadoki ni mwongo. Mzee akauliza ni uongo gani. Ketrina akatafuta, hakuupata. Hata ya Nakonde, alipomuuliza, Sadoki alimwambia siku ile ile. Mzee alitikisa kichwa akachukua kalamu, na Ketrina akauona mkono wake unaanza kuandika. Aliiona nyumba inaondoka.

"Mimba yangu ilipotoka," alisema, "mama yake aliniambia tumbo langu ni kaburi. Na huyu alikuwa pale pale, anakula. Akaomba aongezwe mboga."

Hilo hawakuwa wamejifunza. Sadoki alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Na wewe mama alipokufa hukulia," alisema. "Hata chozi. Ulikuwa unapika tu."

"Waliokuja kulia wangelishwa na nani?"

"Hukulia!"

Mjumbe wa mashineni aliamka. Sasa wote wawili walikuwa wamesimama, wanatupiana vitu vya miaka kumi, vingine hata wao hawakujua kama walikuwa wamevitunza. Mzee Lusubilo aliwasikiliza kwa subira, karibu kwa furaha, kisha akasema sasa ameelewa. Akaandika, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke. Mama Priska aliacha sweta yake, akaja kumshika Ketrina mkono.

Nje, Sadoki alikuwa ameshapanda baiskeli.

"Ile ya mama yangu," alisema, "ilikuwa ya kuigiza?"

Ketrina aliitazama hati mkononi.

"Habari ya nyumba," Sadoki akasema, "ngoja kwanza niongee na kaka zangu."

"Ulishasema inabaki kwetu, baba Enoka."

"Nilisema." Akashika barabara kuelekea mpakani, akipita pembeni ya foleni ya malori, hakugeuka.

Ketrina aliikunja hati akaitia kwenye khanga. Mlangoni, karani alikuwa anaita shauri linalofuata. Kwenye benchi walikaa mume na mke vijana, wamesogeleana kwa ajili ya baridi, na mwanamke alikuwa akimtoa mwenzake uzi begani. Ketrina aliwapita, kisha akarudi.

"Mdogo wangu," alimnong'oneza mwanamke, "kaa mbali naye kidogo. Wanachungulia dirishani."