Seva Imekataa na Sabato Inaingia

—mpaka vidole vikafa ganzi, Jacinta, haki ya Mungu! Ngoja nikae. Ngoja nikuanzie mwanzo ndio uelewe.

Si unajua mimi ndio karani wa chama cha wakulima wa chai hapa Nyaramba, wiki ya tatu tu, hata barua ya kazi sijapewa? Sasa jana jioni mnunuzi wa Mombasa akatuandikia imeili. Anakuja kuona mashamba Jumamosi saa tatu asubuhi. Kama siku haifai, tumjibu leo. Akikuta geti imefungwa, anapitiliza Nyacheki kwa wengine, kwisha.

Jumamosi! Kwa Wasabato! Hakuna mtu wa chama atashika jani siku hiyo. Na Tata Ogeto, mwenyekiti wetu, ni mzee wa kanisa. Ijumaa jua likishuka anazima kompyuta na mkono wake mwenyewe, hata kama uko katikati ya neno.

Basi saa nne asubuhi nikaandika mistari miwili, njoo Jumapili, karibu sana. Nikabonyeza tuma. Wapi! Imeshindwa kuunganishwa na seva.

Na kumbuka ni leo asubuhi tu Omwenga, yule fundi wa Kisii town anatushughulikia imeili, alikuwa amehamisha barua zetu kwa seva mpya. Alinipigia akanisomea jina ya hiyo seva, nikaiandika vizuri kabisa. Sasa shida ni gani?

Nikaangalia intaneti, WhatsApp inaingia. Nikachomoa waya, nikarudisha. Nikazima, nikawasha. Password nikaandika mara sita, polepole kama mtoto wa nasari. Nikapigia mgeni: mteja hapatikani. Nikajaribu Gmail yangu, ikarudi saa hiyo hiyo, ati ofisi yao haipokei anwani haijasajiliwa. Nikapigia Omwenga, simu inalia tu. Na jasho, Jacinta, na vile Nyaramba kuna baridi!

Saa kumi akaingia mong'ina Persis, yule mama mzee wa chama. Shamba lake ndilo lilichaguliwa mgeni aone.

"Mwanangu, hiyo mashini inasema nini?"

"Inasema haioni seva, mama."

"Seva ni nani? Si apigiwe simu?"

Nilicheka huku machozi iko karibu. Yeye hakucheka. "Nimepalilia wiki mbili na huu mgongo," akasema. "Akienda Nyacheki, nitaficha uso wapi?" Akakaa kwa benchi, mkoba kwa magoti. Hakutoka tena.

Saa kumi na mbili na robo. Tata Ogeto amesimama mlangoni, ananiita huku anaangalia kilima.

"Rinda. Jua."

"Tata, dakika tano tu!"

"Jua si yangu niisimamishe."

Hapo simu ikalia. Omwenga!

"Pole dada, nilikuwa juu ya paa naweka antena. Nisomee umeandika nini."

"Mail, nukta, linda—"

"Rinda."

"Ndio, Linda."

"Yaya, hapana! Rinda!"

"Si nimesema Linda, wewe ndio ulimi—"

"Dada, R! R ya rula! Rinda, ile ulivaa shule!"

Ah, Jacinta! Wewe unajua. Toka nizaliwe kila mtu huku kwetu ananiita Rinda badala ya Linda, hata mama yangu. Nikisikia Rinda, mkono inaandika Linda yenyewe. Na asubuhi nilikuwa nimemcheka kimoyomoyo, ona huyu Mkisii na R yake, kama mimi nimezaliwa Lamu! Tena ilileta maana: seva ya kulinda barua, si ndio? Kumbe bibi ya Omwenga hushona rinda za shule. Biashara yao ilianza na hizo, na jina ikabaki mpaka kwa seva.

Nikafuta herufi moja. Nikaweka R. Kile kimduara kikaanza kuzunguka. Persis amefunga macho, midomo inacheza. Tata amefika kwa meza, kidole iko kwa swichi ya ukuta.

"Rinda."

"Inazunguka, Tata, inazunguka!"

Imetumwa! Persis akaruka, huo mgongo akausahau, akanikumbatia mpaka kiti ikalia. Na mimi nikiwa hapo kwa kifua chake, macho kwa kioo, nikaona barua mpya inaingia. Jina ya mgeni. Amejibu! Nikasoma "Asante sana, lakini"—

Tap. Giza.

"Sabato njema, mwanangu," Tata akasema, akaweka ufunguo mfukoni.

Lakini nini, Jacinta? Lakini nini? Tata atafungua ofisi kesho jua likishuka, si kabla. Persis anasema tukienda kanisani tupitie pale getini saa tatu, tuone kama kuna gari imesimama. Sijui nitalala aje. Wewe kesho usitoke nyumbani. Nikitoka hapo getini nakuja kwenu mbio, nikwambie yote.