Mkanda Uliogeuzwa Mara Mbili

Kama ungepita mtaa wa Isevya siku zile, saa ya watu kutoka kazini, ungedhani fundi Mabruki na karani wa reli Modest wanagombea kiwanja. Sauti juu, mikono hewani, cherehani imesimama, na suruali ya mteja imelala mezani haina mguu mmoja. Kumbe wapi! Walikuwa wanagombea tundu.

Watu wazima wawili hawa walikuwa na ugonjwa mmoja, sinema. Si sinema ya kwenda kutazama, maana hiyo kila mtu aliipenda. Yao ilikuwa ya kupiga wenyewe. Miaka michache nyuma walichangishana wakanunua kamera ndogo kwa Mgiriki mmoja wa tumbaku aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, pamoja na mashine yake ya kuonyeshea. Mkanda wa kamera ile ulikuwa na upana wa milimita tisa na nusu, na matundu ya kuuvutia yalipita katikati, kati ya picha na picha. Kwa mkanda huo walipiga harusi, walipiga ngoma, walipiga watu wa Ipole wakishusha mizinga ya nyuki huku wanakimbia. Wakafurahi sana. Sasa mikanda yenyewe ikaanza kuadimika, na Kanji mwenye duka la picha mjini akawaambia wazi kwamba haagizi tena. Dunia, alisema, imehamia milimita nane.

"Basi na sisi tuhame," Modest akasema.

"Uhame wewe," Mabruki akajibu, sindano mdomoni. "Tundu likiwa katikati, picha inajaa upana wote wa mkanda. Huo wa nane matundu yako pembeni, yamekula nafasi, picha imebaki kama ukucha wa kuku."

"Na siku meno ya mashine yakikosa tundu la katikati, yanakwaruza nini? Uso! Umemsahau bibi harusi wa Omari? Alitoka na mfereji kutoka utosini mpaka kidevuni."

"Yule alikuwa na makeke, ilimstahili."

"Fundi, babu zako walitembea kutoka pwani mpaka hapa kwa miguu, wewe unashindwa kuhama milimita moja na nusu?"

"Babu zangu walitembea mikono mitupu. Waliobeba mizigo ni babu zako," Mabruki akasema, na wote wakacheka mpaka Batuli, mke wa fundi, akachungulia dirishani kuuliza kama suruali ya watu imekwisha.

Ila Modest alikuwa na lake moyoni, na hilo halikuwa la mzaha. Mama mkwe wake alikuwa anapofuka.

Mama Eustadia alikaa Itetemia, na kwa miaka kumi na miwili tangu Modest amwoe Josepha, mama yule na mkwe wake hawakuwahi kutazamana usoni. Ndiyo heshima ya Wanyamwezi, na Modest hakuwa mtu wa kuikanyaga. Akifika nyumbani kwa wakwe alikohoa tangu kwenye mihogo, na mama akaingia ndani. Wakikutana njiani, mmoja aliingia porini. Kula pamoja ndiyo usiseme. Hata kanisani mama alikaa mbele upande wa wanawake, Modest akabaki kukijua kitambaa chake cha kichwa. Naye mama alimjua Modest kwa kikohozi na kwa mgongo, basi.

Sasa mganga wa misheni alikwisha sema macho yale hayatapona. Ndipo mama akamwambia bintiye neno lililomkosesha Modest usingizi: "Nitaingia gizani sijui hata mwanamume niliyempa mwanangu anafananaje."

Josepha alimpelekea picha ya harusi. Mama akaigeuza juu chini, akaizungusha kwenye jua, akairudisha. "Kitu kilichotulia kinanipotea," akasema. "Kuku akikimbia namwona. Akisimama, hayupo."

Mnaona alikokuwa anaelekea Modest? Mtu anayetembea, mkubwa, kwenye shuka nyeupe! Mama angemtazama atakavyo, na heshima ingebaki pale pale, maana kivuli si mkwe. Tatizo lilikuwa mkanda. Wa tisa na nusu walibakiwa na mmoja tu, tena umekaa kwenye joto mpaka hakuna aliyeuamini, na wenyewe ulikuwa wa dakika moja na kitu. Dakika moja mtu hajamaliza kuvua kofia! Wa nane ulikuwa na dakika nne. Kanji akakubali kuwaazima kamera ya nane na mashine yake waijaribu, wakiipenda wampe ile ya zamani wabadilishane.

Mabruki akanuna, lakini udadisi ukamshinda. Jioni ile ile alikuwa ameifungua kamera ya nane, pua imo ndani.

"Mbona mkanda wenyewe mpana hivi?"

"Ndiyo ufundi wake," Modest akamweleza. "Unapiga nusu moja ya upana mpaka mwisho. Kisha unatoa gurudumu, unaligeuza, unapiga nusu ya pili. Wakishausafisha wanaupasua katikati, wanaunga vipande. Kumbuka tu: ukiisha, geuza."

"Ukiisha, geuza," Mabruki akarudia. Akaipenda akili hiyo, ijapokuwa hakusema.

Basi Mabruki akampiga Modest nje ya duka, amekaa kigodani. Modest akavua kofia, akavaa, akanywa kahawa, akafungua kinywa akacheka, akageuza uso huku na huku kama alivyoagizwa na mkewe. Nusu ya kwanza ikaisha. Modest akaenda na kamera stesheni, huko akaligeuza gurudumu, akaimaliza nusu ya pili kwa treni ya Kigoma ikiingia. Akaiacha kamera kwa Mabruki, mkanda umo ndani, akashika zamu yake.

Asubuhi Josepha akamfuata fundi. "Shemeji, na mimi nina ombi. Mume wangu naye hajawahi kumwona mama yangu. Nenda Itetemia ukampige, tumshtue." Mabruki akaona wazo zuri. Akatazama kamera: kisoma urefu kinasema mkanda umeisha. Ukiisha, fanya nini? Geuza! Akageuza, akapanda baiskeli, roho kwatu. Mama Eustadia alimpokea kwa ukarimu, akakaa kigodani uani kwake, akabambua karanga, anatupa maganda, anatafuna, anamcheka mtu wa mjini aliyepiga goti kwenye vumbi na kisanduku usoni.

Mkanda ukapelekwa kusafishwa, wakangoja. Majuma yakapita. Josepha alirudi Itetemia mara mbili, na mara ya pili akarudi analia: mama alikuwa amemsalimu jirani akidhani ni yeye. Modest akawa anakwenda posta kila siku mpaka karani wa posta akamwomba apumzike.

Mkanda ulipofika, hawakutaka hata kuujaribu kwanza. Mabruki alikuwa mmoja wa wachache Isevya waliovuta umeme, kwa ajili ya pasi, kwa hiyo onyesho likawa kwake. Baada ya magharibi Josepha akamleta mama yake, amemshika mkono. Batuli alikwisha panga kila kitu: shuka nyeupe ikafungwa kwenye mlango wa kutokea uani, wanawake wakakaa chumbani pamoja na mashine, na Modest akawekwa uani, nyuma ya shuka. Picha huonekana pande zote mbili. Mkwe na mkwe wangetazama kitu kimoja, hakuna atakayemwona mwenzake. Wote wakamsifu Batuli kwa akili.

Mabruki akawasha. Shuka ikang'aa. Modest, amesimama gizani, akajiona anatokea kigodani. Akatabasamu.

Halafu akaona kuna mtu mwingine kigodani pale pale. Mwanamke, na kitambaa cha kichwa ni kile kile cha kanisani. Amekaa juu yake, ndani yake, haijulikani. Modest wa kwenye shuka akavua kofia, na mwanamke akamtupia maganda ya karanga mapajani. Modest akafungua kinywa kucheka, na mkono wa mwanamke ukapanda na karanga, ukaingia kinywani mle mle. Mtu yeyote mwenye macho angeapa kwamba mama mkwe anamlisha mkwe wake.

"Yesu wangu!" Josepha akasema.

Uani, Modest akasogelea shuka. Alielewa mara moja. Nusu ya kwanza, nusu ya pili, kisha mtu ameligeuza tena gurudumu na kupiga juu ya nusu ya kwanza. "Mabruki!" akanong'ona kwa hasira kupitia shuka. "Kola ya shati unaigeuza mara ngapi?"

Sauti ndogo ya fundi wa miaka mingi ikajibu, "Mara moja. Ya pili unarudi kwenye uchakavu." Akajipiga kofi la paji la uso, watu wote wakalisikia. "Tisa na nusu haigeuzwi," akaongeza. "Isingeniponza."

Kamera ya Kanji ilirudi dukani kesho yake bila mjadala, lakini saa ile nani aliijali kamera? Modest aliona aibu iliyokuwa inamjia. Itasemwa Itetemia kwamba karani wa reli amemfanyia mama mkwe wake mchezo, amemweka kigoda kimoja naye, amekula mkononi mwake mbele za watu. Akatamani kuruka ua akimbie.

"Yule mwanamke ni nani?" sauti ya Mama Eustadia ikauliza.

"Ni wewe, mayu, mama yangu," Josepha akasema.

"Na huyo anayekula karanga zangu?"

Mashine ikaendelea kukereza. Modest akasikia kigoda kinasogea, nyayo zinakuja, na kivuli cha mama kikaanguka juu ya shuka, kikubwa, kikazidi kukaribia. Alikuwa amesimama karibu na kitambaa kabisa. Kati yao palikuwa na shuka tu.

"Simwoni," mama akasema. "Kila akigeuka, kichwa changu kinamfunika. Mimi najijua! Nitoeni mimi hapo, nimwone yeye."

"Mama, haitoki," Mabruki akasema, sauti inakatika. "Nisamehe. Nimeharibu. Tutapiga nyingine, wallahi, tutaagiza—"

"Utaagiza na macho mengine?"

Modest alisikia neno lile na machozi yakamtoka, mwanamume mzima, gizani, peke yake. Alikuwa amebishana kuhusu matundu na upana na dakika mwaka mzima, na kitu kimoja alichokitaka kimeteketea.

Ghafla mama akacheka, cheko la chini chini, na kabla hujajua Batuli naye kaambukizwa.

"Haya," mama akasema. "Nimeketi naye. Nimemlisha. Nyote mmeona, na mimi mwenyewe nimeona, hata kwa macho haya. Mbingu imeanguka?"

"Haijaanguka, mama," Batuli akajibu.

"Sasa heshima gani tena tunailinda hapa? Mwiteni mwanangu aingie."

Modest hakusogea. Alitaka, miguu ikakataa. Miaka kumi na miwili imo miguuni, haiondoki kwa kuitwa mara moja. Batuli ndiye aliyeinua shuka, akamvuta kwa mkono wa shati, akamsimamisha katikati ya mwanga wa mashine. Treni ya Kigoma ikaanza kuingia stesheni, ikimpita kifuani.

"Shikamoo, mama," akasema, macho chini. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia uso kwa uso.

Mama hakuitika. Akanyoosha mikono, akampapasa mabega, akapanda shingoni, akakishika kidevu na kukiinua kwenye mwanga. Akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia, taratibu, akasogeza uso wake karibu mpaka Modest akasikia pumzi yake. Modest naye ikambidi atazame. Hakuwa amelifikiria hilo, kwamba na yeye ataona. Akauona uso wa Josepha, ule ule, umezeeka, na macho yanamtafuta.

Vidole vya mama vikafika kwenye nywele zake za pembeni, vikasimama hapo.

"Hizi ni mvi?"

"Ni mvi, mama."

"Mimi nilimpa binti yangu kijana," akasema. "Nimekuwa namkwepa kijana, mwaka hata mwaka, nasema nitamwona, nitamwona. Kijana yuko wapi?"

Modest akaushika mkono ule na kuubakiza pale pale kichwani pake.

"Marahaba," mama akasema, sasa analia waziwazi. "Marahaba, baba. Mabruki, usizime taa yako."